Wekundu wa kitambaa cha mumia: ni damu, ngeu au risasi?

*"Shikamoo Daktari. Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia kwenye meli zilizopita Mfereji wa Suez. Mwaka 1958 alinunua Port Said kipande cha kitambaa, upana wake kama kiganja, akakitia kwenye fremu ya kioo. Nyuma ameandika kwa penseli 'sanda ya mumia', yaani ya maiti ya kale ya Misri iliyokaushwa. Kimepakwa nyekundu, kina mistari ya buluu na vidoa vya njano, na kona moja imekuwa nyeusi na ngumu kama ngozi kavu. Bibi hakuturuhusu kukigusa. Alisema ule wekundu ni damu na ule weusi ndio mumiani wenyewe. Juzi nilikipeleka hapa Mombasa kwa sonara mwenye mashine ya eksrei ya kupima karati. Ilionyesha madini ya risasi kwa wingi na aseniki, na kwenye buluu ikaonyesha shaba. Sonara akasema basi ni cha kweli, maana Wamisri waliwawekea wafu wao sumu ili wasiguswe. Binamu yangu anataka tukwangue rangi kidogo tuipeleke maabara, na ile kona tuioshe kwa limau tuone kama lami itatoka. Nina watoto wadogo nyumbani. Je, ni damu? Ni cha kweli? Kina madhara? Na nyinyi wataalamu hujuaje mambo haya bila kukiharibu kitu?"*

Marahaba, mwanangu. Nianze na lisiloweza kusubiri: msikikwangue, msikioshe, na msikitoe kwenye kioo chake. Limau ni asidi. Likigusa kitani cha kale linazila nyuzi, na kama chini ya rangi kuna tabaka la chokaa, litatoa povu na kubanduka pamoja na kila kilichochorwa juu yake. Tena lami haitoki kwa limau, kwa hiyo mtakuwa mmekiharibu kitu na bado hamjajua lolote. Kukwangua nako kuna hatari yake, nitaieleza nikifika kwenye habari ya watoto.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Umeuliza maswali manne, lakini naona linalokukera ni moja: kitu hiki kilichokaa ukutani tangu wakati wa babu, je, ni amana ya kutunzwa, ni sumu, au ni ulaghai wa bandarini? Nitakujibu kwa kadiri barua inavyoruhusu, na nitasema wazi pale ambapo jibu haliwezi kupatikana mpaka mtu akione kitambaa kwa macho yake.

Kwanza damu, kwa sababu najua maneno ya bibi hayatoki moyoni upesi. Damu ni nyekundu ikiwa mbichi. Ikikauka, chuma kilichomo hubadilika, doa likawa la kahawia na mwisho jeusi. Yeyote aliyekiona kisu cha kuchinjia kilichosahaulika bila kuoshwa anajua rangi yake kesho yake. Wekundu unaong'aa hadi leo si damu. Mafundi wa Misri walikuwa na njia kuu tatu za kuupata. Ya kwanza ni ngeu, ile ile ambayo maseremala wetu waliitia kwenye uzi wa kupigia mstari ubaoni: udongo wenye oksidi ya chuma, usioogopa jua wala miaka. Ya pili ni mimea. Mizizi ya rubia hutoa wekundu wa waridi, na maua ya kartamu hutoa njano yakiloweshwa kwenye maji matupu, kisha wekundu yakitiwa kwenye maji ya magadi au majivu. Wekundu wa kartamu ni mzuri sana lakini hupauka upesi mno kwenye mwanga. Ya tatu ni oksidi nyekundu ya risasi. Hii wewe mjukuu wa baharia huenda umeiona bila kujua jina lake: ni ile rangi nyekundu inayoelekea machungwa waliyokuwa wakipaka mabati ya meli kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu.

Kwa kuwa mashine ya sonara ilionyesha risasi nyingi, hiyo ya tatu ndiyo ninayoishuku. Na hapo kuna habari moja ninayoipenda kuliko nyingi katika kazi yetu. Katika makumbusho ya Getty, California, kuna mumia ya kijana aitwaye Herakleides, aliyefariki karne ya 2 BK, Misri ikiwa chini ya Warumi. Sanda yake ya nje imepakwa nyekundu, na uso wake umechorwa kwenye kibao kilichofungwa kichwani. Watafiti walipoupima wekundu ule wakakuta ni risasi. Wakaenda mbele zaidi. Risasi ina aina za atomi zinazotofautiana kidogo kwa uzito, na uwiano wa aina hizo hutegemea umri na asili ya mwamba ilikochimbwa, kwa hiyo uwiano huo unaweza kuelekeza kwenye mgodi ilikotoka. Uwiano wa sanda ile na nyingine nyekundu za wakati huo uliwapeleka Rio Tinto, kusini mwa Hispania, ambako Warumi walisafisha fedha. Risasi iliyobaki kwenye tanuru za fedha haikutupwa. Iligeuzwa rangi, ikavushwa Bahari ya Kati, ikaishia kwenye sanda za vijana wa Misri. Fikiria hilo: takataka ya mgodi wa Ulaya imevikwa maiti kandokando ya Nile, na tumelijua hilo karibu miaka elfu mbili baadaye kwa kupima chembe zisizojaa ncha ya sindano.

Sasa tuirudie mashine ya sonara, maana hapa ndipo wengi hupotea. Mashine ile hupiga eksrei kwenye kitu. Eksrei hung'oa elektroni za ndani kabisa za atomi, nyingine hushuka kujaza nafasi, na katika kushuka hutoa mwale wenye nguvu maalumu. Kila elementi ina miale yake. Shida ni kwamba mwale mkuu wa aseniki na mwale mkuu wa risasi vina nguvu karibu sawa kabisa, kilo-elektronivolti 10.5 hivi kila mmoja. Mashine iliyopangwa kupima dhahabu haikutayarishwa kwa fumbo hilo. Ikiona kilele kwenye mchoro wa miale pale 10.5, inaweza kuandika "risasi" na "aseniki" vyote viwili wakati kilichopo ni risasi peke yake. Mimi kama mtaalamu huangalia vilele vya pili: risasi huwa na kingine kikubwa karibu na 12.6, na aseniki karibu na 11.7. Kama hapo 11.7 hakuna kitu, ile aseniki aliyokutajia sonara haipo. Simlaumu, amefanya kwa nia njema na kwa chombo cha kazi yake. Lakini mwombe akuonyeshe mchoro wenye vilele, usichukue orodha ya majina tu, na uutunze.

Aseniki ikithibitika, hasa kwenye vile vidoa vya njano, yaweza kuwa orpimenti, madini ya aseniki na salfa yenye njano inayometa kama dhahabu. Wamisri waliipenda kwa huo mng'ao, kwa kuwa dhahabu kwao ilikuwa ndiyo nyama ya miungu. Hawakuipaka kwa sababu ya sumu yake, kwa hiyo habari ya sumu ya kuwalinda wafu iwekeni kando. Na kuna jambo jingine. Katika karne ya 19 na ya 20, makumbusho na wafanyabiashara walinyunyizia vitu vya kale dawa za wadudu zenye aseniki. Nimewahi kuletewa kitambaa ambacho kila mtu aliyekipima alishangilia "orpimenti", mpaka tulipopima mahali pasipokuwa na rangi kabisa, kwenye nyuzi tupu za ukingoni, tukakuta aseniki ile ile, kiasi kile kile. Ilikuwa dawa ya mende. Tangu siku hiyo sipimi rangi kabla ya kupima mahali patupu.

Je, risasi na shaba zinathibitisha ni cha kale? La, hazithibitishi. Rangi ya risasi iliuzwa madukani karne nzima ya 20. Shaba nayo imo kwenye buluu ya viwandani iitwayo fthalosayanini, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1930, na ikafika kila kona ya dunia kabla babu hajashuka Port Said. Mashine inayotaja elementi haiwezi kuzitenganisha hizo buluu mbili.

Mwanga ndio unaotenganisha. Buluu ya Misri ni rangi ya kutengenezwa, miongoni mwa rangi za kwanza kabisa binadamu alizozibuni, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Walichanganya mchanga, chokaa, shaba au vipande vya shaba nyeusi, na kiasi cha magadi, wakachoma kwenye joto la kati ya nyuzi 850 na 1,000 za selsiasi mpaka ikawa fuwele za buluu. Fuwele hizo zina tabia ya ajabu: ukizimulika kwa mwanga wa kawaida, hutoa mwanga wa infraredi usioonekana kwa jicho. Mtafiti Giovanni Verri alipokuwa British Museum, makumbusho ya London, aliigeuza tabia hiyo kuwa njia ya kupiga picha. Unazima taa zote, unamulika kitambaa kwa taa nyekundu isiyo na infraredi yake yenyewe, na unatumia kamera iliyoondolewa kichujio, yenye kioo kinachozuia mwanga wote wa kawaida. Kwenye kioo cha kamera kila kitu ni giza: ngeu giza, risasi giza, nili giza, fthalosayanini giza. Halafu, palipo na buluu ya Misri, panang'aa peupe. Hata punje moja iliyobaki katikati ya nyuzi, ambayo jicho halikuiona kabisa, huonekana kama nyota. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na bado kila chumba kikitiwa giza moyo hunidunda.

Hilo ndilo jaribio ambalo ningelifanya kwanza kwenye mistari yako. Simu yako haiwezi, kamera yake ina kichujio cha infraredi. Lakini kuna jambo dogo unaloweza kulifanya mwenyewe bila kufungua fremu: azima ile taa ndogo ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti. Zima taa za chumbani, kimulike kitambaa sekunde chache tu. Nguo na karatasi za viwandani huwa zimetiwa dawa ya kung'arisha, nazo hung'aa kwa weupe wa buluu kama shati jeupe linavyong'aa ukumbini kwenye disko. Kitambaa kikiwaka hivyo, kuna nguo ya kisasa ndani yake. Kisipowaka, hatujathibitisha kitu, ila hatujakifukuza mlangoni. Kumbuka tu kwamba baadhi ya vioo huzuia mwanga huo, na kwamba karatasi ya nyuma ya fremu inaweza kuwaka yenyewe.

Kisha kitambaa chenyewe. Watu walibishana muda mrefu kama sanda za mumia ni pamba au kitani. James Thomson aliumaliza ubishi huo mwaka 1834, kwa msaada wa hadubini ya mchoraji Francis Bauer. Uzi wa pamba ukiukuza ni kama utepe bapa uliojisokota. Uzi wa kitani ni kama mwanzi, una vifundo. Sanda zile zilikuwa kitani. Tazama kwa lenzi ya kukuzia: Wamisri waliusokota uzi wao kwa upande ambao kitani chenyewe hupenda kujipinda kikikauka, mshazari wake ukifuata mwelekeo wa sehemu ya kati ya herufi S. Ukikuta nyuzi zimelala upande wa pili, wa Z, shaka yangu inaongezeka.

Lakini hata kitani kikithibitika, kuna mtego ambao nauogopa zaidi kwa vitu vya bandarini. Vitambaa vya mumia visivyo na mchoro vilikuwa vingi na vya bei nafuu. Chenye mchoro kiliuzwa ghali. Kwa hiyo walikuwapo waliochukua kitani cha kale cha kweli wakachora juu yake. Ukikipima kwa kaboni 14, kipimo cha umri wa vitu vilivyotokana na viumbe hai, jibu litasema kitambaa kina miaka elfu mbili, na litakuwa kweli, na mchoro bado utakuwa wa jana. Tena kama uzi umelowa lami, kipimo kitadanganya kwa kuongeza umri, kwa sababu lami ni masalia ya viumbe wa mamilioni ya miaka na kaboni 14 yake imekwisha zamani.

Mtego huu huteguliwa kwa hadubini na subira. Mahali uzi ulipokatika, naangalia: rangi imekatika pamoja na uzi, au imeingia mpaka kwenye ncha iliyochanika? Ikiwa imeingia kwenye ncha, basi mchoraji alikuja baada ya mchaniko. Naangalia vumbi na uchafu: uko juu ya rangi, au rangi iko juu ya uchafu? Naangalia nyufa: rangi ya kale hupasuka vipande vidogo kufuata mfumo wa nyuzi, na ndani ya ufa unaona tabaka la chini, jasi au chokaa. Rangi ya mafuta ya kisasa hulala juu ya nyuzi kama ngozi ya maziwa. Dakika 20 hapo hunipa zaidi ya mashine tatu.

Nije kwenye kona nyeusi na neno la bibi, maana bibi ameshika ncha ya kweli. Mumiani na mumia ni neno moja. Limetoka Uajemi, ambako *mumiyai* ilikuwa kitu cheusi kinachovuja kwenye miamba, aina ya lami, na matabibu wa zamani waliitumia kwa mifupa iliyovunjika. Neno likapita kwa Waarabu. Watu wa Ulaya walipovisoma vitabu vya tiba vya Waarabu waliitaka dawa hiyo, wakaambiwa ile nyeusi iliyoganda kwenye maiti za Misri inafanana nayo. Basi wakaanza kusaga maiti na kuziuza kwenye maduka ya dawa, na baadaye wakazisaga zikawa rangi ya kahawia ya wachoraji. Mchoraji Mwingereza Edward Burne-Jones alipoambiwa mwaka 1881 kilichomo kwenye rangi yake, aliichukua akaizika bustanini. Jina la dawa likawa jina la maiti. Pwani yetu neno likafika kwa njia ya biashara: mumiani ilikuwa dawa nyeusi kama gundi iliyoletwa kutoka ng'ambo, watu wakasema imetengenezwa kwa damu, na wakati wa ukoloni likawa jina la hofu, la wanyonya damu wa usiku. Hofu ya bibi ina historia ndefu na si ya kubezwa. Ila kitambaa chako hakinyonyi mtu damu.

Je, weusi ule ni lami? Huenda si lami. Uchunguzi wa kemia umeonyesha kwamba kabla ya Ufalme Mpya, enzi ya Misri iliyoanza karibu miaka 3,500 iliyopita, lami ilikuwa nadra mno. Ilizidi kutumika enzi za mwisho, chini ya Waptolemaio, wafalme wenye asili ya Ugiriki, na Warumi. Kwa sehemu kubwa ya historia, weusi wa mumia ni mafuta ya mimea na ya wanyama, utomvu wa misonobari na mierezi, nta ya nyuki, vyote vimekaa vikaungua polepole kwa hewa mpaka vikawa vyeusi. Jicho haliwezi kutofautisha. Mashine ya eksrei nayo ni kipofu hapa, maana vitu hivi vyote ni kaboni, haidrojeni na oksijeni. Inabidi chembe iyeyushwe, ipitishwe kwenye mrija mrefu mwembamba unaoziachanisha molekuli moja moja, kisha kila molekuli ipimwe uzito wake. Utomvu wa misonobari huacha asidi zake, nta huacha esta ndefu, lami huacha molekuli za viumbe wa kale ambazo hakuna mti wala mnyama wa leo anazo.

Njia hiyo ndiyo iliyofanya kazi kubwa Saqqara, eneo la makaburi ya kale karibu na Kairo. Mwaka 2016 timu ya Ramadan Hussein, Mmisri aliyekuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Tübingen, ilikuta karakana ya kutayarishia maiti, na ndani yake vyungu vilivyoandikwa majina ya dawa na maelekezo: hiki cha kichwani, hiki cha kuifanya harufu yake iwe nzuri. Matokeo ya kemia yalitoka mwaka 2023, yeye mwenyewe ameshafariki. Vyungu 31 vilipimwa. Neno *antiu*, ambalo wasomi kwa miaka mingi walilitafsiri kuwa manemane au ubani, lilikuwa limeandikwa kwenye vyungu vyenye mchanganyiko wa mafuta ya mwerezi, mafuta ya mreteni au msaipresi, na mafuta ya wanyama. Kamusi nzima ikabidi isomwe upya. Na kulikuwa na damari, utomvu unaotoka misitu ya kusini mashariki mwa Asia. Kwa hiyo ile kona nyeusi unayotaka kuiosha inaweza kuwa imebeba habari za misitu iliyo mbali kuliko babu alikosafiri.

Ukiona pia ukoko mweupe mahali, usiufute. Maiti ilikaushwa kwa magadi, ndiyo, magadi haya haya ya kulainishia maharage, yaliyochotwa Wadi El Natrun magharibi ya mdomo wa Nile. Ziwa Natron la Tanzania limepata jina lake kwa chumvi hiyo. Magadi hunyonya maji na kugeuza mafuta kuwa aina ya sabuni, bakteria wakakosa pa kuishi. Fuwele zake wakati mwingine hubaki kwenye sanda, na hukaribisha unyevu. Hewa ya Mombasa si rafiki yake. Kiondoe kitambaa kwenye ukuta wa jiko au wa nje, kikae ndani, pakavu, mbali na jua.

Sasa watoto. Fremu ikiwa imefungwa na kioo hakijapasuka, kitambaa hakiwadhuru. Risasi na aseniki havirukii mtu. Hatari ni vumbi. Ukikwangua, unatengeneza unga wa risasi unaoingia puani na kubaki kwenye vidole vinavyoenda mdomoni, na risasi kwa mtoto mdogo huharibu ubongo hata kwa kiasi kidogo. Kama mliifungua fremu kwa sonara, pangusa meza na mikono kwa kitambaa chenye maji, usifagie. Kama kuna mtoto aliyekishika na kutia vidole mdomoni, usisubiri dalili: mpeleke hospitali, mweleze daktari kuhusu risasi, aombe kipimo cha risasi kwenye damu.

Mnaweza kufanya nini basi? Kukiacha kilivyo ni chaguo halali. Hakuna deni la kujua kila kitu. Mkitaka kujua, anzeni na uchunguzi usiogusa: picha za mwanga, hadubini, eksrei inayosomwa na mtu wa malikale, na leizari inayotambua madini yenyewe badala ya elementi zake. Vyote hivyo hukirudisha kitambaa kama kilivyokuja. Sampuli iwe hatua ya mwisho, na hapo msikate. Mara nyingi chini ya fremu huwa kumedondoka punje nyeusi au nyekundu, nazo zinatosha. Kaboni 14 singeshauri mpaka rangi ziwe zimejibu kwanza, kwa sababu huteketeza uzi na gharama yake si ndogo.

Kibebeni Fort Jesus hapo hapo mjini, mkawaulize watu wa uhifadhi. Makumbusho ile ndiyo iliyotunza vitu vilivyotolewa kwenye merikebu ya Kireno ya Santo António de Tanná iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, kwa hiyo kitu dhaifu na cha kale si kigeni kwao. Kama vyombo havitoshi, watajua wa kumwandikia. Mkipeleke kikiwa kimelazwa kwenye sanduku, kioo juu, kisisimame. Piga picha ya maandishi ya penseli ya babu kabla hujaondoka nyumbani, na muulize mama yako aliwahi kusikia nini kuhusu safari ile: jina la meli, duka, bei, mwezi. Andika hata yale yanayoonekana ya kipuuzi. Mwaka 1958 Misri iliruhusu wafanyabiashara wenye leseni kuuza vitu vya kale. Sheria ya mwaka 1983 ndiyo iliyofunga biashara hiyo. Kwa hiyo tarehe ya babu ina uzito. Usikitangaze mtandaoni kukiuza, wala usikivushe mpaka. Kikithibitika, makumbusho yatazungumza na ubalozi wa Misri, na ningekuomba uwe tayari kwa mazungumzo hayo. Ile kona nyeusi, ikiwa ni ya kale kweli, ina uwezekano mkubwa wa kuwa na mafuta ya mwili wa mtu, na aliyeviringishiwa sanda ile alikuwa na mama aliyemlilia.

Ukipata mchoro wa vilele kutoka kwa sonara, nitumie pamoja na picha ya kitambaa iliyopigwa mchana kivulini, rula ikiwa pembeni. Nitatazama pale 11.7 kwanza.